Sanaa ya kisasa na mambo ya kila siku: mwongozo kamili wa kutazama, kuandika na kuwashirikisha wengine

Watu wengi wakikutana na kazi ya sanaa ya kisasa iliyowagusa, hupiga picha harakaharaka, huandika "tazameni hii" na kuituma. Wenzao huiwekea alama ya moyo na kuendelea na shughuli zao. Hakuna aliyekosewa adabu, lakini pia hakuna aliyeona kitu. Ndivyo inavyokuwa hata kwa vijambo vya kila siku, kama kivuli cha ngazi ukutani au kiti kilichofungwa kwa waya. Vilimsimamisha mtu njiani, lakini vikifika kwenye simu za wengine vinabaki kuwa picha ya ukuta na picha ya kiti.

Kinachokosekana ni maelezo ya alichokiona mtumaji. Msimamo wangu nautaja mapema ili usinisome kwa kubahatisha: sema kwanza ulichokiona, ndipo useme unachofikiri. Na jicho linalosoma turubai, yaani kitambaa kinachochorwa picha, ndilo hilohilo linalosoma mlango uliochubuka, kwa hiyo mambo haya mawili nayafundisha pamoja. Anayeyatenganisha huishia kuandika kuhusu sanaa kwa lugha ya kukopa, na kuhusu mtaa kwa lugha ya kadi za salamu.

Kwa "sanaa ya kisasa" nakusudia kazi zilizofanywa tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 hadi leo. Wataalamu hugawanya kipindi hicho mafungu mafungu; kwa kazi yetu hapa haina haja.

Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja

Ukitoka kwenye maonyesho na picha 60 kwenye simu, huna cha kumwonyesha mtu. Zunguka ukumbi mzima mara moja bila kutoa simu mfukoni, kisha rudi kwenye kazi moja tu. Isiwe lazima ile uliyoipenda. Iliyokuudhi mara nyingi inafaa zaidi, kwa sababu una swali nayo. Huko nje nako ni vivyo hivyo: dirisha moja, ngazi moja, alama moja ya tairi kwenye saruji. Kitu kimoja kilichoangaliwa hadi mwisho kinampa msomaji pa kushika.

Hatua ya 2: Kaa nacho kabla ya kusoma kibao

Pembeni ya kila kazi kuna kibao chenye jina, mwaka na aya ya ufafanuzi. Kipe mgongo kwanza. Ukishasoma kuwa picha inahusu huzuni ya msanii, utaona huzuni hata kwenye pembe za fremu. Jipe dakika 10 za kutazama. Dakika 2 za mwanzo hupita vizuri, kuanzia ya 3 hadi ya 5 unachoka, halafu kuanzia ya 6 hivi mambo yanaanza kujitokeza. Wengi huondoka katika ile ya 4.

Badilisha umbali. Picha haionekani yote ukiwa umesimama mahali pamoja. Mark Rothko, ambaye turubai zake nyingine ni ndefu kuliko mtu, alishauri mtazamaji asimame karibu mno, kiasi cha sentimita 45, rangi imzunguke asione kingo. Agnes Martin anakutaka utembee. Alichora mistari ya penseli kwenye turubai za mraba za takriban sentimita 183 kila upande. Ukiwa mbali, unaona kitu kama ukungu wa rangi moja. Ukisogea, ukungu unavunjika na kuwa mistari. Sogea tena, hadi mlinzi aanze kukutazama, na utaona penseli ikirukaruka juu ya nyuzi za turubai: hapa imekolea, hapa imefifia, hapa mkono umeyumba kidogo ukaendelea. Mambo yote matatu ni ya kweli na yote ni ya kuandikwa. Picha moja ya simu itakupa lile la kwanza tu.

Tazama kingo. Rangi inaishia wapi? Imekunjwa hadi ubavuni mwa turubai, au imekatwa kwa mstari ulionyooka? Kuna sahihi? Kama ni sanamu, zunguka nyuma. Nyuma ya sanamu kuna habari nyingi ambazo wapiga picha hawazileti.

Halafu jiulize swali linaloonekana la kitoto: juu ni wapi? Mwaka 1961 jumba la makumbusho la MoMA, New York, lilitundika kazi ya Henri Matisse ya karatasi zilizokatwa, yenye mashua na kivuli chake majini, juu chini. Ilikaa hivyo siku 47, watu wakipita, mpaka mtazamaji mmoja alipong'amua. Na mwaka 2022 wataalamu wa jumba moja la Düsseldorf, Ujerumani, walitangaza kuwa kazi ya Piet Mondrian ya mwaka 1941, iliyotengenezwa kwa utepe wa rangi wa kubandika, huenda imetundikwa juu chini kwa miongo mingi. Ushahidi mmojawapo ulikuwa picha iliyopigwa kwenye karakana ya msanii mwaka 1944, inayoonyesha kazi ikiwa imegeuzwa. Waliamua kuiacha ilivyo, kwa sababu utepe umechoka na kuigeuza kungeweza kuubandua. Wanaocheka sanaa dhahania, ile isiyochora vitu vinavyotambulika, hupenda visa hivi. Mimi navichukulia kama ruhusa: mtazamaji makini asiye na cheo anaweza kuona walichokikosa wenye funguo za jumba.

Hatua ya 3: Andika kwa majina ya vitu na vitendo

Toa daftari, au sehemu ya maandishi kwenye simu, na uandike orodha ya vilivyopo. Maneno kama "nzuri", "ya ajabu", "inagusa" na "ina nguvu" yasubiri. Weka rangi kwa jina linalotosha: badala ya "nyekundu", sema nyekundu ya tofali, ya damu iliyokauka, ya taa za breki. Weka ukubwa kwa kulinganisha na mwili wako: inanifika kifuani, ni pana kuliko mikono yangu ikinyooshwa. Weka vitendo vya mkono: amepaka, amekwangua, amebandika, ameacha idondoke.

Chukua mfano wa Mraba Mweusi wa Kazimir Malevich, wa mwaka 1915. Ukiwauliza watu walioiona kwenye skrini kuna nini pale, watasema: mraba mweusi. Sasa itazame picha yenye ubora wa juu, au yenyewe ukibahatika kufika Moscow. Weusi umepasuka. Nyufa nyembamba zimeenea kama udongo wa bwawa lililokauka, na ndani ya nyufa zinachungulia rangi nyingine. Kingo hazikunyooka sawasawa, na mzunguko wa nje si mweupe wa karatasi, umepata umanjano. Mwaka 2015 watafiti waliipima kwa eksirei wakakuta chini ya weusi kuna michoro mingine miwili ya rangi. Kwa hiyo aliyeandika "naona rangi ndani ya nyufa" kwa macho yake tu alikuwa ameshika ncha ya uzi uleule, bila mashine.

Ukimaliza orodha, weka alama kwenye vitu vitatu ambavyo hukuviona mwanzoni. Hivyo ndivyo utakavyowapelekea wenzako. Vilivyobaki watajionea wenyewe kwenye picha.

Hatua ya 4: Zoeza jicho kwa vitu visivyo na kibao

Makumbusho hufungwa, na wengi wetu hatuishi jirani nayo. Mazoezi ya kweli yako unapopita kila siku. Mwandishi Mfaransa Georges Perec alikaa siku 3 mwezi Oktoba 1974 kwenye uwanja wa Saint-Sulpice, Paris, akiandika kila kinachopita mbele yake: mabasi na namba zake, njiwa, watu na mifuko yao, hali ya hewa. Kanisa na majengo makuu ya pale aliyataja kwa kupita, kwa kuwa yalishaelezwa na wengine. Alitaka kile kinachobaki.

Jaribu kwa dakika 15. Kaa mahali pamoja, andika kinachotokea, usichague. Dakika za kwanza utaandika watu, kwa sababu watu hujitokeza wenyewe. Baadaye utaanza kuona mambo yasiyotembea, na hapo ndipo zoezi linapopata ladha.

Linganisha namna hizi mbili za kuandika juu ya mlango uleule.

Ya kwanza: "Leo nimekutana na mlango wa zamani, umenikumbusha jinsi wakati unavyokimbia. Kweli sanaa iko kila mahali!"

Ya pili: "Mlango wa chuma, kijani. Kuzunguka kitasa rangi imeliwa na mikono. Chini ya kijani kuna buluu, chini ya buluu kuna nyeupe. Doa hilo lililoliwa si duara. Limerefuka kuelekea kulia, pale ambapo kiganja husukuma wakati ufunguo umekwama. Kwenye kimo cha goti kuna doa jingine, dogo na jeusi. Hilo ni la mateke."

Ya kwanza ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kuuona mlango. Ya pili haina neno moja la sifa, lakini msomaji sasa anajua kuwa kitasa ni kibovu, kwamba mlango umepakwa mara tatu, na kwamba kuna mtu mwenye mikono iliyojaa mizigo. Akitaka kufikiri juu ya wakati, atafikiri mwenyewe.

Kuhusu kuandika kila siku, usijiwekee lengo la kishujaa. Msanii On Kawara alianza tarehe 4 Januari 1966 kuchora tarehe ya siku husika, herufi nyeupe kwenye turubai ya rangi moja. Isipokamilika kabla ya saa sita za usiku, aliiharibu. Aliendelea karibu nusu karne, zikapatikana picha zipatazo 3,000. Lakini hata yeye hakuchora kila siku. Maelezo matatu kwa wiki yaliyoandikwa vizuri yanatosha, na wasomaji wako watakushukuru.

Hatua ya 5: Unganisha kazi na maisha, ila kwa kipimo

Hapa ndipo mambo mawili yanapokutana, na ndipo watu wanapozidisha chumvi. Ukishauona mlango wa tabaka tatu, bila shaka Mraba Mweusi na nyufa zake utakujia kichwani. Taja uhusiano huo kwa sentensi moja. Ukiueleza kwa aya tatu unamnyang'anya msomaji raha ya kuugundua mwenyewe.

Uhusiano ulio imara ni ule wa kutengeneza, kuliko ule wa kufanana. Msanii Kurt Schwitters, kule Hannover, Ujerumani, aliokota tiketi za tramu, vifungashio na vipande vya magazeti, akavibandika kuwa kolaji. Kuanzia mwaka 1919 aliziita kazi hizo kwa jina moja, Merz, kipande cha neno kutoka tangazo la benki. Anayemfahamu Schwitters anapoiona tiketi iliyokanyagwa njiani hasemi tu "inafanana". Anajiuliza: karatasi imekatika wapi, imebaki herufi gani, na ingewekwa kando ya nini?

El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, hukunja na kubapa vifuniko vya chupa vya alumini kisha kuvishona kwa waya wa shaba, hadi vinakuwa kama kitambaa kinachofunika ukuta mzima. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya mafanikio ya maisha katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia. Kuna jambo moja katika kazi zake ambalo mtazamaji makini anafaa kulitaja: hazina umbo la kudumu. Kila zinapotundikwa, mikunjo hupangwa upya na watu wa pale. Basi ukituma picha ya kazi yake, andika mahali na tarehe, maana mikunjo unayoionyesha huenda isirudi tena.

Na wakati mwingine hakuna uhusiano wowote. Tuma mlango peke yake. Hauhitaji mdhamini kutoka makumbusho.

Hatua ya 6: Piga picha zinazosaidia maandishi

Zima flashi. Makumbusho mengi huikataza, na hata isipokatazwa huacha doa la mwanga katikati ya turubai na kuua rangi. Ulizia kanuni mlangoni: mahali pengine hairuhusiwi kutumia stendi ya kamera, na maonyesho ya muda yenye kazi za kuazima mara nyingi hayaruhusu picha kabisa.

Kwa picha iliyotundikwa, shika simu sambamba na ukuta, katikati ya kazi. Ukiinamisha, mraba unakuwa pembe nne zisizo sawa. Ni bora kurudi nyuma hatua mbili na kuvuta picha karibu kidogo (zoom) kuliko kusogea na kutumia lenzi pana, kwa sababu lenzi hiyo hupinda kingo. Kama kuna kioo, utajikuta mwenyewe ndani ya kazi; sogea pembeni kidogo hadi mng'ao uhame, kisha nyoosha picha baadaye kwenye programu ya kuhariri. Nguo nyeusi husaidia kuliko unavyofikiri.

Piga tatu tu: nzima, kipande cha karibu kinachoonyesha kile ulichokiandika, na ya mbali yenye sakafu au kitu kinachotoa kipimo. Hiyo ya tatu hudharauliwa, na ndiyo inayowasaidia wasiokuwepo. Guernica ya Pablo Picasso, ya mwaka 1937, ina upana wa karibu mita 7.8, lakini kwenye skrini inalingana na kadi ya posta.

Usiongeze vichujio vya rangi kwenye kazi ya mtu. Msanii alishachagua buluu yake. Kusahihisha ni sawa ikiwa taa za ukumbi zimeleta umanjano: tafuta kitu unachojua ni cheupe ndani ya picha, urekebishe hadi kiwe cheupe, uishie hapo.

Kwa vitu vya mtaani, mwanga wa asubuhi na jioni unaopita ubavuni mwa ukuta huonyesha mikwaruzo na matuta. Jua la utosini hufuta kila kitu.

Tahadhari moja ambayo siipitii haraka: picha za simu nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigwa, hadi nyumba yenyewe. Ukipiga picha ya dirisha la jirani au mlango wa kwako, zima taarifa za mahali kwenye mipangilio ya kamera, au ziondoe kabla ya kutuma. Vibao vya namba za magari na majina milangoni vifunike.

Hatua ya 7: Rekodi taarifa, na uzihakiki

Sasa ndipo usome kibao. Kipige picha, usitegemee kumbukumbu. Unahitaji jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo, na mahali ilipo. Ukikuta picha inazagaa mtandaoni bila jina la msanii, tumia utafutaji kwa picha (unapakia picha, mtandao unakutafutia ilikotoka), kisha uthibitishe kwenye tovuti ya jumba linaloimiliki. Majina ya wasanii hupotea kirahisi mno, na kila anayetuma bila jina anaongeza upotevu.

Rekodi nzuri inaweza kuwa na uzito kuliko kazi yenyewe. Mwaka 1917 Marcel Duchamp alipeleka chombo cha choo cha wanaume, kilichotiwa sahihi "R. Mutt", kwenye maonyesho ya New York yaliyotangaza kupokea kila kazi iliyolipiwa ada. Waandaaji hawakukionyesha. Chombo chenyewe kilipotea. Vinavyoonekana leo kwenye majumba ya makumbusho ni nakala zilizotengenezwa baadaye kwa idhini yake. Kilichobaki cha wakati ule ni picha iliyopigwa na Alfred Stieglitz, na juu ya picha hiyo umejengwa mjadala wa zaidi ya karne moja.

Hatua ya 8: Jua haki zako na za wengine

Sheria za nchi hutofautiana, ila msingi wake ni mmoja. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 umeweka kiwango cha chini: kwa kawaida hakimiliki hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, zimefanya miaka 70, inayohesabiwa hadi mwisho wa mwaka. Kwa hesabu hiyo ya 70, kazi za Malevich aliyefariki 1935, Paul Klee aliyefariki 1940, na Mondrian na Wassily Kandinsky waliofariki 1944, ziko huru. Za Matisse, aliyefariki 1954, zimekuwa huru tangu Januari 2025. Za Picasso, aliyefariki 1973, zinalindwa hadi mwisho wa 2043. Marekani ina hesabu yake: kazi nyingi za zamani hulindwa miaka 95 tangu zilipochapishwa.

Kulindwa hakumaanishi huwezi kuizungumzia kazi. Sheria nyingi zinaruhusu kunukuu kwa ajili ya uhakiki na mafunzo, ukimtaja msanii. Tatizo huanza unapochapisha picha peke yake bila maelezo, au unapoitumia kuuza kitu. Unaona jinsi maelezo yanavyokulinda pia.

Kama unataka picha bora bila wasiwasi, majumba kadhaa yametoa picha za kazi zilizo huru zitumike na yeyote. Metropolitan Museum of Art ya New York ilifanya hivyo Februari 2017, na Rijksmuseum ya Amsterdam ilitangulia. Tafuta alama ya leseni ya CC0, inayoruhusu yeyote kuitumia picha, au maneno ya mali ya umma chini ya picha.

Sanamu za barabarani zina utata wake. Ujerumani inaruhusu kupiga na kuchapisha picha za kazi zilizowekwa hadharani kwa kudumu. Ufaransa ni kali zaidi, hasa pakiwa na biashara. Angalia sheria ya mahali ulipo.

Na watu? Mtu anayetambulika akiwa ndani ya picha au maandishi yako ya kila siku, muombe ruhusa. Akiwa mtoto, acha. Kwa maandishi, ondoa jina na alama zinazomtambulisha. Bibi aliyekuwa akikunja mwavuli anabaki mzima kwenye aya bila sisi kujua anakaa wapi.

Hatua ya 9: Panga maandishi

Maneno kati ya 80 na 200 yanatosha kwa kazi moja. Anza na kitu, usianze na wewe. "Leo nilikuwa napitapita" ni mwanzo wa kila mtu. "Kona ya chini kushoto haijapakwa rangi" ni mwanzo unaomfanya msomaji aiangalie kona.

Fuata na yale matatu uliyoyawekea alama. Kisha, kama unayo, toa maoni yako waziwazi na ukubali kuwa ni yako: "mimi naona hajaimaliza, na naona kuiacha hivyo ni uoga." Maoni makali yaliyokaa juu ya maelezo mazuri hayamuudhi mtu mwenye akili timamu, kwa sababu umempa vifaa vya kukupinga.

Malizia na taarifa za kazi, na swali ukiwa nalo kweli. "Mnaonaje?" halijibiki. "Ile rangi ya machungwa iko mbele au nyuma ya buluu?" linajibika, na watu wataifungua picha tena ili wajibu.

Lugha ya vitabu vya maonyesho iache hukohuko. Ukijikuta umeandika kwamba kazi "inahoji mipaka", jiulize imehoji mpaka upi, kwa swali gani. Ukikosa jibu, futa.

Hatua ya 10: Wakumbuke wasioona

Sehemu nyingi za kuchapishia picha zina nafasi ya maelezo mbadala, yanayosomwa kwa sauti na programu za wasioona. Sentensi mbili zinatosha: kitu ni nini na kimepangwaje, kisha rangi na ukubwa. Ukiwa umeifanya hatua ya 3 vizuri, hii ni kunakili tu.

Hatua ya 11: Endesha mazungumzo

Mtu atasema tu: "Hata mwanangu angeweza kuchora hii." Usimcheke, na usimtumie historia ya sanaa ya kurasa kumi. Kuna swali halali ndani ya dhihaka yake: ugumu wa kazi uko wapi? Mrudishe kwenye kitu. Muulize mtoto angefanya nini hasa, angeanzia wapi, angeacha wapi, angejuaje kuwa imetosha. Kwa mistari ya Agnes Martin, mwambie achukue rula na penseli akachore mistari kumi kwenye kitambaa, kila mmoja ukiwa na nafasi sawa. Wanaojaribu hurudi na maswali mazuri. Na mara nyingine atakuwa sahihi: kazi haina kitu, nawe ulikuwa umeichukua kwa heshima ya jina. Kubali yaishe.

Unapojibu za wengine, epuka "nzuri sana" kama unavyoepuka kuiandika kwenye zako. Taja kitu kimoja ulichokiona ndani ya picha yao ambacho hawakukitaja. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mtu aliyehangaika kuandika. Akikusahihisha mtu kuhusu mwaka au jina, rekebisha palepale na uache alama kwamba umerekebisha.

Usifungue mjadala wa bei. Kazi ikishatajiwa thamani ya mnada, hakuna atakayeitazama tena. Wote watatazama tarakimu.

Hatua ya 12: Hifadhi, kisha rudia

Weka picha na maandishi pamoja, kwenye folda yenye jina linaloanza na mwaka, mwezi na tarehe, ili zijipange zenyewe. Hifadhi pia orodha ghafi ya hatua ya 3, pamoja na vile ambavyo hukuvituma.

Baada ya miezi kadhaa, rudi kwenye kazi ileile au mlango uleule. Usisome ulichoandika. Tazama upya, andika upya, ndipo uyaweke maandishi mawili sambamba. Mlango utakuwa umepakwa rangi, au doa limekua. Turubai haijabadilika, lakini orodha yako itakuwa imebadilika, na mara nyingi jozi hiyo inawavutia wasomaji kuliko andiko lolote la peke yake. Ukiituma, weka tarehe zote mbili, na usiliguse la kwanza hata kama lina makosa ya herufi.